Viumbe na Nchi: Msafiri wa Usiku na Pete Mguuni

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wako wageni ambao kwao methali hiyo yapasa kugeuzwa, maana wao ndio wapatao kupona au kuangamia, kwa kadiri mwenyeji alivyowatunzia mti wa kutua, wadudu wa kula na funda la maji. Wageni hao ni ndege waimbaji wahamao kila mwaka kutoka nchi hata nchi. Mahali pamoja ambapo hali yao imechunguzwa kwa makini ni pwani ya Alabama, kusini mwa Marekani, na yaliyofahamika huko yana manufaa kwa kila nchi ipitiwayo na ndege wa safari.

RASI YA MCHANGA

Katika jimbo la Alabama iko rasi ndefu, nyembamba, ya mchanga mweupe. Upande wake wa kaskazini iko Ghuba ya Mobile. Upande wa kusini yatanda Ghuba ya Meksiko, maji matupu kiasi cha kilomita 1,000 mpaka nchi ya Yucatán. Kwenye ncha ya rasi hiyo imesimama Fort Morgan, ngome ya matofali iliyokamilika mwaka 1834. Wasomao historia ya vita waijua. Tarehe 5 Agosti, 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, manowari za Admirali David Farragut zilipenya mbele ya mizinga yake, na kabla mwezi huo haujaisha ngome ikasalimu amri.

Siku hizi ngome hiyo ni mahali pa ukumbusho, na jirani yake iko hifadhi ya wanyamapori iitwayo Bon Secour, iliyoanzishwa na Bunge la Marekani mwaka 1980. Hifadhi ina hekta 2,800 hivi za vilima vya mchanga, vinamasi, vichaka, na misitu ya mialoni na misonobari iliyopindwa na upepo wa chumvi. Jina lake ni la Kifaransa, na maana yake ni msaada mwema. Ndege zaidi ya aina 370 wamepata kuonekana humo. Wengi si wenyeji. Ni wasafiri watuao kwa siku moja au mbili, kisha wakaendelea na njia yao.

BAHARI KWA USIKU MMOJA

Tangu mwisho wa Machi mpaka katikati ya Mei, majira ambayo Afrika ya Mashariki hupata mvua za masika, huko Marekani ni majira ya kuchipua. Theluji imeyeyuka, majani yanatoka, na viwavi wamejaa mitini. Ndege waliokimbilia Amerika ya Kati na ya Kusini kwa ajili ya baridi hurudi kaskazini kutaga na kulea makinda.

Kabla ya kuvuka Ghuba, ndege hula kwa bidii kubwa. Shahamu hujilimbikiza chini ya ngozi, hata wengine hukaribia kuwa na uzito maradufu. Kisha, jua likishatua na upepo ukiwa mzuri, huinuka kwa maelfu kutoka pwani ya Yucatán na kushika njia ya kaskazini juu ya bahari. Usiku huwafaa kwa kuwa hewa imetulia, ni baridi, na mwewe wamelala.

Wasafiri hawa ni wadogo mno. Risasi moja ya bunduki ya AK-47, pamoja na ganda lake, ina uzito wa gramu 16 hivi. Yuko ndege wa buluu, jamii ya shomoro wa mbegu, ambaye uzito wake wa kawaida ni gramu 14 tu. Yuko na ndege mvuma, afananaye na chozi wa bustanini, mwenye gramu tatu, na mbawa zake hupiga mara hamsini hivi kwa sekunde moja. Wote hao huivuka Ghuba.

Zamani jambo hili halikusadikiwa na kila mtu. Mwaka 1945 mtaalamu mmoja, George Williams, alitoa hoja kwamba ndege wengi huizunguka Ghuba kwa kufuata nchi kavu. George Lowery wa Louisiana akampinga. Ili kupata ushahidi, Lowery na wenzake walielekeza darubini kwenye mwezi mpevu na kuhesabu vivuli vya ndege vilivyopita mbele ya mwanga wake, mmoja baada ya mwingine, usiku kucha. Katika miaka ya 1960 Sidney Gauthreaux alitumia rada za hali ya hewa za pwani ya Ghuba, na makundi ya ndege yakaonekana wazi kwenye kioo cha rada yakija kutoka baharini. Ubishi ukaisha.

Njia wanaijuaje gizani? Katika miaka ya 1960 Stephen Emlen aliwaweka wale ndege wa buluu ndani ya jumba lenye anga la bandia, ambamo nyota huonyeshwa darini. Alipozigeuza nyota, ndege nao waligeuza mwelekeo wao. Majaribio yake yaliyofuata yalionyesha kwamba kinda hujifunza kwanza ile sehemu ya anga isiyozunguka, yaani mahali pa nyota ya kaskazini, na kuifanya alama yake. Askari aliyefundishwa kutembea usiku bila dira ataielewa elimu hiyo mara moja.

HESABU YA UPEPO

Hatari ya safari hii yaweza kupimwa kwa hesabu ya darasa la chini. Ndege mdogo huruka karibu kilomita 40 kwa saa hewa ikiwa tulivu. Basi kilomita 1,000 zitamchukua saa 25. Akisukumwa na upepo wa kilomita 20 kwa saa kutoka nyuma, atafika kwa muda wa saa 17. Lakini upepo huo huo ukimjia usoni, safari itakuwa ya saa 50, na akiba aliyoichukua ni ya siku moja na ziada kidogo. Shahamu ikiisha, mwili huanza kuila misuli ya kifua, ile ile inayozipiga mbawa. Na baharini hakuna pa kutua.

Nahodha wa jahazi katika pwani ya Afrika ya Mashariki alingojea kusi ndipo atweke tanga la kurudi kaskazini. Ndege naye hungoja upepo wake. Tofauti ni kwamba nahodha aweza kukutana na tufani akatia nanga mahali; ndege aliyekwisha kuondoka Yucatán, akikutana katikati ya njia na mvua na upepo baridi wa kaskazini, hana ila kuendelea au kuzama.

Siku za upepo mwema, wengi hufika pwani mchana wakiwa na nguvu za kutosha, nao huipita rasi na kutua katika misitu mikubwa ya bara. Mtu aliyesimama Bon Secour siku hiyo huona miti mitupu. Siku za mvua na upepo wa mbele, mambo hubadilika. Ndege huanguka kama matunda kwenye miti ya kwanza waionayo. Wekundu wenye mbawa nyeusi, manjano, buluu, kijani, hujaa kila tawi. Wengine hutua mchangani ukingoni mwa mawimbi, wamechoka hata mtu akiwakaribia hawaruki. Wapendao kutazama ndege hufurahia sana siku kama hiyo. Kwa ndege wenyewe ni siku ya msiba, na waonekanao ni wale waliosalimika.

NYAVU NA PETE

Ili kujua yanayowapata, wataalamu huwavisha pete. Kazi hii si mpya. Mwaka 1899 mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, aliwavisha kwezi pete za alumini zenye nambari na anwani. Mwezi Mei, 1911, mbayuwayu mmoja alivishwa pete katika Uingereza, na Desemba, 1912, alipatikana Natal, kusini mwa Afrika. Marekani ilianzisha mwaka 1920 ofisi yake ya taifa ya kuweka kumbukumbu za pete, ambayo makao yake ni Patuxent katika jimbo la Maryland. Sheria ya mwaka 1918 iwalindayo ndege wahamao humkataza mtu yeyote kuwanasa bila kibali.

Karibu na ngome ya Fort Morgan, kwa miaka mingi, kila Aprili watu wa kujitolea walitandaza nyavu, na watu wa kawaida wakaruhusiwa kuja na watoto wao kutazama. Katika hifadhi ya Bon Secour, wanasayansi wa University of Southern Mississippi, wakiongozwa na Frank Moore, walifanya uchunguzi kwa misimu mingi.

Wavu wenyewe ni wa nyuzi nyembamba nyeusi, urefu wake mita 12 na kimo chake zaidi ya mita mbili, umesimamishwa kwa vigingi katikati ya vichaka. Ndege hauoni, hujigonga akaangukia kwenye mfuko wa wavu. Wachunguzi huzipitia nyavu kila baada ya muda mfupi, kama walinzi wapitiavyo lindo. Mvua ikinyesha au jua likiwa kali, nyavu hufungwa. Ndege hutolewa kwa vidole, miguu kwanza, akatiwa ndani ya kifuko cha nguo ambamo giza humtuliza.

Mezani hushikwa shingo yake ikiwa katikati ya vidole viwili, bila kubanwa kifua, maana ndege hupumua kwa kifua kizima. Pete nyepesi ya alumini hufungwa mguuni kwa koleo maalumu, iweze kuzunguka na isiweze kuvuka kisigino. Ina tarakimu tisa, na hakuna ndege wawili wenye pete sawa, kama vile askari wawili wasivyopewa nambari moja. Bawa hupimwa. Umri hukisiwa kwa kutazama uchakavu wa manyoya. Kisha mchunguzi hupuliza manyoya ya kifuani kwa pumzi yake, na ngozi nyororo ikafunuka. Kama kibonde kilicho chini ya koo kimejaa shahamu ya manjano, ndege yu tayari kwa safari; kama ni kitupu na mfupa wa kidari umechongoka kama makali ya kisu, ndege huyo amefika akiwa hana hata akiba ya saa moja. Mwisho hupimwa uzito na kuachwa aende.

Mtu aweza kuuliza kama kazi hii yenyewe haiwadhuru. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012, uliokusanya habari za ndege zaidi ya 620,000 walionaswa Marekani na Kanada, ulikuta kwamba waliokufa hawakufika watatu kwa kila elfu moja. Ni wachache, lakini ndiyo sababu kazi hii hupewa waliofunzwa peke yao.

KILICHOFAHAMIKA

Ndege wadogo waliovishwa pete mara chache huonekana tena mahali pengine. Faida kubwa ya rasini hutoka kwa wale wanaonaswa mara ya pili pale pale, baada ya siku moja, mbili au tatu. Hapo uzito wa kwanza hulinganishwa na wa pili. Wachunguzi wa pwani ya Ghuba waligundua kwamba aliyefika amekonda hukaa muda mrefu zaidi kuliko aliyefika na akiba. Akipata viwavi na buibui wa kutosha, uzito wake hurudi na safari huendelea. Asipopata, humalizika taratibu katika nchi ambayo macho ya mpita njia huiona kuwa ya kijani na yenye neema.

Wakati wa kurudi kusini, kabla ya kipupwe, ushahidi mwingine ulipatikana kwenye rasi hiyo hiyo. Kati ya mwaka 2009 na 2014 ndege wa aina tatu walifungwa vyombo vidogo vya redio, na vituo vya kusikilizia vikawekwa Alabama na ng'ambo, Yucatán. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba wenye shahamu ya kutosha ndio walioelekea baharini, tena katika usiku wenye hali nzuri ya hewa; waliokonda walielekea kurudi bara kutafuta chakula. Kiumbe wa gramu 14 hupima akiba yake kabla ya kuvuka.

Mwaka 2005 wataalamu wa Marekani walivigawa vituo vya njiani katika daraja tatu. Iko misitu mikubwa yenye kila kitu, ambayo waliifananisha na hoteli kamili. Iko misitu midogo yenye chakula cha kiasi, ambayo ni kama duka la njiani. Na viko vichaka vya pembeni mwa bahari au jangwa, ambavyo chakula chake ni haba na havitumiki kila siku, ila siku ya shida hakuna kingine. Hivyo waliviita mlango wa kuokokea moto. Mlango wa namna hiyo waweza kukaa miaka bila kufunguliwa, na mwenye nyumba akashawishika kuuziba. Siku nyumba ikishika moto ndipo thamani yake hujulikana.

MLANGO UNAOZIBWA

Pwani ya Alabama inapendwa na watalii. Nje ya hifadhi, nyumba za likizo zimejengwa juu ya mchanga ambao zamani ulikuwa na vichaka. Kilichobaki ndani ya hifadhi kimelindwa na sheria, lakini hakikukingwa na dhoruba. Tarehe 16 Septemba, 2004, kimbunga Ivan kiliipiga pwani hiyo. Tarehe 16 Septemba, 2020, kimbunga Sally kikaja mahali pale pale. Maji ya chumvi yakipanda juu ya nchi, miti hunyauka.

Mwaka 2019 wanasayansi walitangaza kwamba Marekani na Kanada zimepoteza karibu ndege bilioni tatu tangu mwaka 1970, yaani zaidi ya robo ya wote, na sehemu iliyo kubwa kabisa ya hasara hiyo imewapata wahamao. Miongoni mwao yumo ndege wa msituni wa rangi ya hudhurungi, mwenye madoa kifuani na sauti tamu kama ya kurumbiza, ambaye kila masika huivuka Ghuba. Sababu ni nyingi: misitu iliyokatwa kaskazini na kusini, dawa za kuulia wadudu, vioo vya majumba, na paka. Makisio ya mwaka 2013 yalisema kwamba paka wa Marekani huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni nne kila mwaka.

AFRIKA YA MASHARIKI NAYO

Nchi za Maziwa Makuu ni wenyeji wa wageni kama hao. Mbayuwayu wapangao safu kwenye nyaya za simu mwezi Machi wanajiandaa kwenda Ulaya na Asia kwa wakati ule ule ambao ndege wa buluu wanajiandaa huko Yucatán. Huko Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, ndege wa safari wamevishwa pete tangu mwaka 1969, hasa mwezi wa Novemba na Desemba, wakati ukungu wa usiku unapowashusha kwenye taa. Pete za Nairobi zimesomwa hata Ulaya. Na shakwe waliovishwa pete Finland wamepatikana kandokando ya Ziwa Victoria. Katika ziwa hilo, karibu na Entebbe, iko hori ya Lutembe, ambayo iliorodheshwa mwaka 2006 miongoni mwa maeneo ya majimaji yenye umuhimu kwa dunia nzima, kwa ajili ya makundi makubwa ya ndege watokao Ulaya na Asia.

Kwa hiyo pete ya mbali yaweza kuangukia mikononi mwa mtu yeyote: mvuvi, mkulima, askari wa doria, mama atwangaye kisamvu nyuma ya nyumba, au mtoto wa kambini mwenye manati.

Akipatikana ndege hai mwenye pete, pete isifunguliwe, maana mguu wake huvunjika upesi. Nambari na maneno yote yaandikwe kwenye karatasi, kisha ndege aachwe aende. Akiwa amekufa, pete itolewe na kuhifadhiwa. Yaandikwe mambo manne: nambari, tarehe, mahali, na namna ndege alivyopatikana. Habari hizo zipelekwe ofisi ya wanyamapori iliyo karibu au makumbusho ya taifa, nako zitafikishwa kwa wenye pete. Pete iliyotobolewa ikafanywa kidani cha mtoto ni ripoti ya doria isiyofika makao makuu.

Nyumbani nako kuna kazi. Paka afungiwe ndani alfajiri, wakati ndege waliochoka na safari wanapotafuta chakula chini. Watoto waelezwe kwamba ndege mgeni aliyelegea kichakani si windo jepesi. Amevuka jangwa au bahari, naye ahitaji siku mbili tu za amani. Na palipo na kichaka pembeni ya kambi, ukingoni mwa mto au kando ya ziwa, ambacho hakizai kitu na kimekaa pale bila kumdhuru mtu, afadhali panga lisikiguse kabla ya kuulizwa ni nani hukilalia usiku.